Moja Kumi na Moja

Siku ya kuniaga, mwalimu mkuu wetu aliniomba niwaandikie walimu vijana kurasa chache juu ya kazi. Nilimwuliza anataka niandike nini. Akasema, "Chochote, Mwalimu Kandida, ila usiwakatishe tamaa." Nitajitahidi. Madaraja niliyopandishwa sitayataja. Yalikuwa machache na kila moja lilichelewa. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za namba fulani, kwa sababu nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mtu yeyote.

Nilifika shuleni hapa nikiwa juu ya lori la mahindi lililokuwa likishuka Lituhi. Utingo alinishushia godoro na sanduku la bati pale njia inapochepuka, akanionyesha mapaa ya shule kwa kidole, akagonga bodi lori likaondoka. Mbele yangu kulikuwa na ziwa, na mimi sikujua kuogelea. Hadi leo sijui.

Niliomba mwenyewe kuletwa huku. Nilikuwa nimeolewa Mbinga, nikakaa miaka kadhaa bila kupata mtoto, mume wangu akaoa mwingine, na nyumba ile ikanishinda. Pale ofisi ya elimu walishangaa, kwani hakuna mwalimu aliyekuwa akiomba kuja ziwani. Walinikamilishia uhamisho haraka kabla sijabadili mawazo.

Mimi ni Mmatengo, mtu wa milimani. Huku watu walizungumza Kinyasa na Kimpoto, na Kiswahili kilikuwa cha darasani, dukani na kanisani. Waliniamkia kwa Kiswahili, wakanijulia hali kwa Kiswahili, halafu wakageukiana na kucheka kwa lugha yao. Hawakuwa na ubaya wowote. Lakini ukisikia kila jioni kicheko usichokielewa, unajifunza kulala mapema.

Aliyenipokea kazini ni Mwalimu Osmund Kapinga, mwalimu wa hisabati wa siku nyingi, mtu wa Ukata kule milimani. Mke na watoto wake walibaki kwao wakilima, naye alikaa peke yake katika nyumba ya walimu iliyo karibu na kisima. Kwa umri alikuwa kaka yangu mkubwa. Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kutengeneza ubao. Tulivunja betri kuukuu za redio, tukasaga ule mkaa wa ndani, tukauchanganya na majani ya maboga na kupaka. Ubao ukatoka mweusi kuliko ule wa chuoni. Chaki zikiisha tuliandikia vipande vya muhogo mkavu. Ninyi mnaolalamikia kalamu za ubao mweupe, nawasikia.

Kipindi kigumu cha mwaka ule wa kwanza kilikuwa cha darasa la tano, somo la namba tasa. Niliandika ubaoni kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, tasa si mama asiyezaa?" Hakuuliza kwa utundu. Lakini darasa zima lilinitazama, nikajua habari zangu zilikuwa zimeshuka milima kabla ya lile lori. Nilimjibu kwamba ni neno hilohilo, kwa maana nyingine. Nikamaliza kipindi, nikaenda kusimama nyuma ya ghala ya shule mpaka kengele nyingine ilipogongwa.

Mwalimu Osmund alikuja kunitafuta. Hakunipa pole. Alisema, "Kipindi kijacho anza na namba zenyewe. Wape kumi na tatu wajaribu kuigawa mpaka wachoke. Jina lije mwisho." Mpaka nastaafu nimefundisha hivyo, na ninyi nawashauri mfanye hivyo, hata kama hamna habari zinazowatangulia.

Jioni ile aliniita ufukweni, akaokota kijiti na kuandika mchangani. Kila mwalimu mpya wa hisabati alimpa namba za kuvunja, na namba zake zote zilikuwa za moja tupu. Moja tatu, yaani mia moja na kumi na moja: tatu mara thelathini na saba. Moja nne: kumi na moja mara mia na moja. Moja tano: arobaini na moja mara mia mbili sabini na moja.

"Moja sita sikupi," alisema. "Sita yenyewe inagawanyika, kwa hiyo unaweza kuzikata zile moja mbilimbili au tatutatu, na namba inavunjika bila jasho. Kazi iko pale ambapo idadi ya moja ni tasa. Chukua moja saba."

Nilikwenda nayo nyumbani. Milioni moja, laki moja na kumi na moja elfu, mia moja na kumi na moja. Niliigawa kwa saba, kwa kumi na tatu, kwa kumi na saba, nikapanda hivyo jioni baada ya jioni nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Nilipofika mia mbili thelathini na tisa haikubaki kitu. Mia mbili thelathini na tisa mara elfu nne mia sita arobaini na tisa. Nilikwenda nyumbani kwake na karatasi mkononi, nikamkuta anamenya mihogo barazani.

"Vizuri," alisema bila kuacha kumenya. "Sasa chukua hiyo mia mbili thelathini na tisa, igawe kwa saba. Inabaki ngapi?"

"Moja."

"Na mwenzake?"

Nikapiga hesabu. "Moja pia."

"Rudi kwenye moja tano. Gawa vigawo vyake kwa tano."

Vyote vilibakisha moja. Aliweka kisu chini. "Sijui kwa nini, lakini kwa hizi ngumu, kuanzia moja tano, sijaona ikikosea. Basi, dada Kandida, tazama moja kumi na moja. Mimi imenishinda. Kama ina kigawo, kigawo hicho ukikigawa kwa kumi na moja lazima kibakishe moja. Na hakiwezi kuwa namba shufwa, kwa hiyo hata ukikigawa kwa ishirini na mbili kitabakisha moja. Ishirini na tatu, sitini na saba, themanini na tisa, na kuendelea. Nyingine zote tunaziruka."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka laki moja na elfu tano na ushee. Kigawo kikubwa kuliko hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo mdogo tungekuwa tumeshamkuta njiani."

Tuligawana kazi. Mimi nilichukua kuanzia mwanzo hadi elfu ishirini. Yeye, mwenye mkono mwepesi, akachukua elfu ishirini hadi mwisho. Nitawaambia ukweli, hiyo ndiyo miaka niliyoifurahia kuliko yote hapa. Tulifundisha asubuhi, tukasahihisha mchana, na jioni kila mtu aligawanya barazani kwake. Tukikutana kisimani aliniuliza, "Umefika wapi?" nami nikamtajia namba. Watu waliotusikia walidhani tunataja nyimbo za kitabu cha kanisani.

Halafu mambo yalifunguka, miaka ile watu waliyoiita ya ruksa. Duka moja la kijijini likawa matatu, mitumba ikafika mpaka mnadani, na kule juu Mbinga kahawa, ambayo siku zote ilinunuliwa na chama cha ushirika, ikaruhusiwa kununuliwa na mtu yeyote mwenye mzani na gari. Mwalimu mmoja aliacha kazi akaenda kuchuuza usipa, vile vidagaa vya ziwani. Mwingine alifungua kibanda cha kinyozi. Mwalimu Osmund alinijia siku ya Jumapili baada ya misa, amevaa koti.

"Naenda Mbinga," alisema. "Shemeji yangu ana gari. Watoto wangu wanafika sekondari, dada. Chaki haitawafikisha."

Nilimwuliza kuhusu ile namba.

"Upande wangu nitaendelea nao. Mzani hauhitaji kichwa chote."

Alipoondoka nilibaki na hisabati ya darasa la tatu mpaka la saba. Nyumba iliyo karibu na kisima ilikaa bila mtu, popo wakaingia. Nilikuwa naamka, nafundisha, nachota maji, napika chakula cha mtu mmoja, ambacho ni chakula kigumu kupika: ama kinazidi ama kinaungua. Kisha nagawanya. Usipa ukiwa mwingi ziwani nusu ya wanafunzi hawakuja, na zile siku nilizungumza kidogo sana hata sauti yangu ikawa inanishtua darasani. Jirani yangu Mama Blandina, aliyekuwa akianika usipa mbele ya nyumba yake, alinipungia mkono asubuhi na jioni. Alikuwa mtu mwema. Hakujua ninachofanya na mimi sikujua pa kuanzia kumweleza.

Nilifika elfu ishirini. Kila mgawanyo ulikuwa na baki. Upande wangu haukuwa na kitu.

Likizo nilipanda Mbinga kumwona mama, nikapita kwa Mwalimu Osmund. Alikuwa amepanga chumba karibu na stendi, magunia yamefika darini na watu wamejaa mlangoni. "Bado, dada," alisema. "Msimu umebana." Likizo iliyofuata nikapita tena. Bado. Nilipita tena baada ya hapo. Siku hiyo alikuwa anagombana na mkulima juu ya unyevu wa kahawa, akaniona nimesimama nje na vumbi la safari. Alinijia haraka, akanishika bega.

"Nimemaliza," alisema. "Yote, mpaka mwisho. Hakuna kitu. Ni tasa."

"Una hakika?"

"Ni tasa, Kandida. Pumzika sasa."

Sijui kama naweza kuwaeleza nilivyojisikia juu ya gari la kushuka ziwani. Bilioni kumi na moja na zaidi, namba kubwa kiasi hicho, na hakuna kilichoweza kuigawa. Nilipokuja kufundisha namba tasa niliiandika ubaoni kutoka ukingo hadi ukingo, moja kumi na moja, nikawaambia watoto, "Na hii pia ni tasa." Nililitamka neno lile bila kumeza mate. Nilifundisha hivyo miaka mingi, madarasa mengi.

Dukani kwa Mwalimu Osmund sikupita tena. Sikuwa na la kuuliza.

Baadaye sana tuliletewa Mwalimu Zainabu, binti wa mwenye duka wa Mbamba Bay, ambaye babu zake walitoka Kilwa na biashara ya nguo. Wengi wenu mnamkumbuka. Alikuja na kikokotoo kutoka dukani kwa baba yake. Siku moja aliketi nyuma ya darasa langu, na baada ya kipindi akaniambia, "Shikamoo, dada. Nimejaribu kuiingiza ile namba yako hapa. Imegoma." Kioo cha mashine ile kilikuwa na nafasi nane tu. Tulicheka. Kisha akauliza, "Wewe umejuaje kuwa ni tasa?"

"Niliigawa."

"Yote?"

"Mpaka elfu ishirini. Zilizobaki aligawa Mwalimu Osmund."

"Njia yake uliiona?"

Watoto nimewachapia meza maisha yangu yote, onyesha njia, jibu bila njia ni sifuri. "Sikuiona," nilisema.

"Basi dada, unajua nusu." Hakuwa na kiburi. Aliniazima kikokotoo akaenda zake kusimamia mtihani wa darasa la nne.

Sikufikiria kwamba Mwalimu Osmund amekosea. Nilitaka tu kuiona njia kwa macho yangu. Shule ilipofungwa, Zainabu akaenda kwao, nami nikaanza pale nilipoachia, elfu ishirini, kwa mkono, kwa sababu namba haikuenea kwenye mashine. Nilizipanda moja moja alasiri, mlango wazi, upepo wa ziwa ukinipeperushia karatasi mpaka nikaziwekea mawe. Nilitegemea kazi ya mwaka mzima. Haikufika hata nusu ya likizo. Kwenye elfu ishirini na moja, mia sita arobaini na tisa, nilishusha tarakimu ya mwisho, nikatoa, haikubaki kitu.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia. Kisha nikachukua jibu, laki tano kumi na tatu elfu, mia mbili thelathini na tisa, nikalizidisha kwa kile kigawo, mstari chini ya mstari. Nilipojumlisha, moja zilishuka kutoka kulia kwenda kushoto, moja, moja, moja, mpaka zikatimia.

Nilitoka nje. Sikujua nakwenda wapi. Mama Blandina alikuwa anageuza usipa kichanjani, akaniona usoni.

"Kuna nini, mwalimu?"

"Namba imegawanyika, Mama Blandina."

Alinitazama kwa makini. "Pole," alisema. "Itatengenezeka?"

Nikamwambia haitatengenezeka. Alinipa bakuli la usipa, nami nikalipokea, kwa sababu kusema kweli nilikuwa nimefiwa na kitu na yeye pekee ndiye aliyeleta chochote.

Usiku sikulala kwa ajili ya jambo jingine. Kile kigawo kilikuwa mwanzoni kabisa mwa upande wa Mwalimu Osmund. Mtu angeanza kazi ile, hata kwa uvivu, angekigonga ndani ya wiki chache. Labda alikosea mahali, nilijiambia. Sikuweza kukumbuka hesabu hata moja aliyowahi kukosea.

Nilipata lori lililokuwa linapeleka usipa milimani. Mbinga niliambiwa kwamba bei ya kahawa ilianguka, shemeji yake akachukua gari, na Mwalimu Osmund alikuwa amerudi kwao Ukata kulima. Nilimkuta shambani kwenye mteremko, anachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia ya Kimatengo, matuta yake yamenyooka kama mistari ya daftari. Alikuwa amekonda, anakohoa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha tukae juu ya tuta. Mkewe alitutumia salamu kutoka jikoni, kwamba ugali uko njiani.

Nikamwambia namba. Elfu ishirini na moja, mia sita arobaini na tisa.

Alilitazama jembe. Midomo yake ilikuwa inapiga hesabu, niliona. "Ukiigawa kwa ishirini na mbili inabaki moja," alisema.

"Inabaki moja."

"Ilikuwa upande wangu."

"Mwanzoni kabisa mwa upande wako, kaka."

Alifuta mikono kwenye suruali. "Sikuanza, Kandida. Sikugawa hata moja."

"Kwa nini uliniambia ni tasa?"

Alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole. "Kila ulipokuja nilikuwa nimesimama kwenye mzani nagombana na watu. Nilikuona pale nje, unaniangalia kama bado ni mwalimu. Ningesema bado, ungerudi tena. Nilitaka usirudi unione vile."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa njiani. Nilichoweza kumwambia ni kwamba likizo zile nilikuwa sipandi Mbinga kwa ajili ya namba peke yake.

"Najua," alisema. "Siku hizo sikujua. Nimejua nilipobaki mwenyewe."

Mkewe alileta ugali na maharage, tukanawa. Mwalimu Osmund alikula kidogo. Kisha akaokota kijiti, akasawazisha udongo wa tuta kwa kiganja, akaandika moja nyingi, akazihesabu kwa ncha ya kijiti. Zilikuwa kumi na tatu.

"Hii hatukuigusa," alisema. "Tugawane tena? Safari hii mimi nichukue mwanzo."

Nilimwangalia. Nilikuwa bado nimeumia, nanyi mnajua mtu aliyeumia huwa na heshima nyingi. "Hapana, kaka," nilisema. "Hii acha niifanye mwenyewe." Akatikisa kichwa kukubali, akazifuta kwa mkono.

Nilipanda lori la jioni la kushuka. Utingo alinipisha kiti cha mbele kwa ajili ya umri wangu, na kwa kuwa nilikuwa na kalamu, nikaanza ile namba nyuma ya tiketi. Kwa moja kumi na tatu unakwenda kwa ishirini na sita. Ishirini na saba unairuka, maana ni tatu tatu tupu. Inayofuata ni hamsini na tatu. Niligawa kwa hamsini na tatu. Haikubaki kitu. Hatukuwa hata tumeanza kuliona ziwa.

Nilimwambia dereva asimame nishuke. Akaniuliza nimesahau nini. Kulikuwa na pori pande zote mbili na hakuna gari lingine la kupanda, kwa hiyo nikamwambia aendelee. Nikajiwekea kwamba nitapanda Ukata shule ikifungwa tena. Mvua za mwaka ule zilibomoa barabara, na ilipopitika nilikuta Mwalimu Osmund amezikwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Wajukuu wake waliniuliza mimi ni nani kwao. Niliwajibu kwamba nilifundisha naye.

Mkewe alinipeleka shambani nilipomwomba. Matuta yalikuwa yameota maharage na hapakuwa na cha kuona. Nilikaa pale tulipokaa. Hamsini na tatu, namba ya kwanza kabisa. Angechukua mwanzo kama alivyotaka, angeipata palepale mbele yangu, kabla ugali haujapoa.